Namba Ishirini na Tano

Ukimya hewani ndio uliokuwa dhambi kuu pale Redio Jirani, orofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi katika mtaa wa Tena, Nairobi. Mtangazaji angeweza kukosea jina la marehemu, au akakohoa katikati ya sala, na akasamehewa kabla chai haijapoa. Lakini redio ikinyamaza sekunde tano tu, mwenye redio angepiga simu kutoka popote alipo, na hakuwa anapiga kujulia watu hali. Kwa sababu hiyo Muthoki, fundi wa mitambo, alikuwa ameipanga studio hivi: kifaa chochote kikipotea kwenye mtandao, sauti ikiruke kifaa hicho, ipite moja kwa moja hadi hewani, mradi redio isinyamaze. Alisifiwa sana. Huo ulikuwa mwaka juzi, na sifa zikishapoa, hata aliyesifiwa husahau alisifiwa kwa nini.

Jumamosi hiyo alifika kazini saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na hofu.

Saa nne angekuja mama mmoja wa mtaa wa Fedha, Phelister Akech, karani katika kampuni ya mizigo, mjane mwenye binti mmoja. Miezi mitatu nyuma, alfajiri, Phelister alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni akingoja maji yachemke, akamwona mtu akimwaga petroli kwenye banda la wachongaji lililo nyuma ya ploti yao ya nyumba za kupanga. Moto ukawaka, na Mzee Matheka, aliyekuwa akilala mle ndani pamoja na vinyago vyake, hakutoka. Na aliyemwaga hakuwa mgeni. Alikuwa bwana ambaye Fedha nzima humwita Chairman, mwenye maneno matamu na vijana wengi, aliyekuwa akikitaka kiwanja kile kwa udi na uvumba. Phelister alipeleka barua isiyo na jina mahali panapohusika. Barua ikamezwa. Kisha watu wakaanza kusema mzee alijichoma mwenyewe kwa mshumaa, na hilo ndilo lililomshinda kulinyamazia.

Vijana wa Chairman hawakuwa wameficha msimamo wao. Anayejua kitu, walisema, akijue kimya kimya.

Shida ni kwamba sauti ya Phelister haikuwa ya kujificha. Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyesoma matangazo kanisani kila Jumapili: sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, inayovuta mwisho wa kila sentensi kana kwamba haitaki kuiacha. Mtaa mzima ungemtambua hata akipiga chafya. Ndiyo maana Ooko, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi ambaye Phelister alimtafuta kwa siri, alipomwomba aje aseme aliyoyaona, alimwapia kwamba sauti yake ingebadilishwa kabisa. Alimwapia kwa jina la mamake mzazi. Ooko ni mwepesi wa kuapa, na kazi ya kutimiza kiapo chake ikaangukia mikono ya Muthoki, kama kawaida.

Kilichotegemewa ni kisanduku cheusi kisichozidi Biblia kwa ukubwa. Sauti ya maikrofoni iliingia humo ikiwa ya Phelister, ikatoka ikiwa ya mwanamume fulani mchovu asiyekuwepo duniani, ndipo ikaenda kwenye miksa, meza ya kuchanganyia sauti, na kurushwa hewani. Vifaa hivi viliongea kwa njia ya mtandao, na kila kimoja kilikuwa na anwani yake, kama nyumba za estate: miksa namba kumi, maikrofoni namba kumi na moja, kisanduku namba ishirini na tano. Wawili wakidai kukaa nyumba moja, mjumbe huchanganyikiwa, na mzigo hufikishwa pasipostahili.

Lakini hofu ya Muthoki haikuwa ndani. Ilikuwa nje. Wakati wa kafyu alikuwa ameacha tundu kwenye firewall, ule ukuta unaoamua nani aingie kwenye mtandao wa studio na nani abaki mlangoni, ili Ooko aweze kuendesha miksa akiwa kwake Donholm. Kafyu ikaisha, tundu likabaki. Na watu walisema kijana mmoja wa Chairman amesomea kompyuta. Asubuhi hiyo Muthoki alifungua kumbukumbu za ruta, kifaa kinachobeba ukuta huo na kugawa mtandao, akaona hodi zimepigwa mamia kwa mamia, kutoka nchi ambazo hajawahi hata kuziona kwenye ramani. Alijua fika kwamba ruta yoyote duniani hubishiwa hivyo usiku na mchana, na wezi wasiojua hata wanabisha kwa nani. Alijua. Ila hofu ikishaingia, ujuzi husogea pembeni ukaipisha.

Akachukua pini, akaitumbukiza kwenye kitundu cha kufutia mipangilio nyuma ya ruta, akaikandamiza mpaka taa zote zikazimika. Akafuta kila kitu. Kisha akaujenga ukuta upya, kanuni moja baada ya nyingine: hakuna mtu wa nje kuingia, hakuna kufunguliwa mlango, laptopu yake pekee ndiyo iruhusiwe kugusa miksa. Akajaribu kuingia kwa simu yake kupitia mtandao wa nje, akakataliwa. Akajaribu mara ya pili na ya tatu, akakataliwa, na kila alipokataliwa moyo ulimtulia kidogo. Ni watu wachache hufurahi kufungiwa mlango namna ile.

Sasa, alichokisahau ni hiki. Zamani ruta ile ilizigawia simu za watu namba kuanzia mia moja kwenda juu, na namba za chini zikaachiwa vifaa vya studio. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka mpaka huo. Ilipofutwa, ruta ilirudia tabia iliyotoka nayo kiwandani: kugawa kuanzia ishirini, kwa yeyote aombaye, bila kuuliza kama nyumba ina mwenyewe. Mpaka huo huwekwa kwenye ukurasa mwingine, na ukurasa huo Muthoki hakuufungua. Macho yake yote yalikuwa nje.

Nthambi wa mapokezi alipofika, simu yake ikapewa ishirini. Kompyuta ya mapokezi, ishirini na moja. Ooko ana simu mbili, kwa sababu ana mambo mengi. Zikachukua ishirini na mbili na ishirini na tatu. Televisheni ya ukutani, ishirini na nne.

Kwa kawaida wageni walikuwa na wifi yao kando, lakini kifaa chake kiliungua Jumanne stima iliporudi kwa kishindo, na Muthoki akawapachika wageni kwenye ruta ya studio, kwa muda tu. Yapo mambo mengi Nairobi ambayo ni ya muda tu.

Phelister aliingia saa nne kasorobo, kitambaa cha kijani kichwani, mkoba ameukumbatia kifuani. Nthambi alimpokea jinsi anavyompokea kila mgeni: kiti, kikombe cha chai, na karatasi ndogo yenye neno la siri la wifi. Hajawahi kumkalisha mtu bila vitu hivyo vitatu. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo asemavyo, na kwake yeye kumnyima mgeni wifi ni sawa na kumnyima maji. Phelister alishukuru, akaikunja karatasi, akaitia mkobani.

"Wewe ndio Muthoki?" akamuuliza fundi alipokuja kumchukua. "Ooko ameniambia maisha yangu iko kwa mikono yako."

"Karibu, mama. Usiogope."

"Naogopa, msichana wangu. Kwani ni nani haogopi? Lakini nimechoka kuogopa nikiwa nimenyamaza."

Wakafanya jaribio. Muthoki alimvisha hedifoni, akamwambia aseme lolote, na Phelister aliposikia sauti ya yule mwanamume mchovu ikisema jina lake, alicheka mpaka machozi. "Huyo ni shemeji yangu kabisa!" Kisha akazivua hedifoni akazisukuma mbali. Alisema akimsikiliza huyo shemeji atasahau maneno yake. Muthoki hakuona ubaya.

Kipindi kikaanza. Muthoki alikaa upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha mitambo, hedifoni masikioni, akisikiliza kile ambacho mtaa unasikiliza. Sauti ya mwanamume mchovu ikasimulia juu ya banda, juu ya mzee aliyekuwa akiwachongea watoto twiga wa bure. Kila sentensi ilipotoka salama, Muthoki alivuta pumzi. Kila dakika alichungulia ukuta wake: hodi, hodi, hodi, na zote zimekataliwa. Akajiambia leo Chairman amepatikana.

Saa nne na dakika ishirini Ooko aliweka wimbo. Nyuma ya kioo, Phelister alitoa simu mkobani. Binti yake Lorraine, wa miaka kumi na tatu, alikuwa ameachwa nyumbani peke yake na hakuambiwa mama ameenda wapi. Mama alitaka kumwandikia kwamba atachelewa na maharagwe yasiungue. Bando ya intaneti ilikuwa imeisha. Akakumbuka karatasi ya Nthambi. Muthoki alimwona akiandika, akatabasamu naye kupitia kioo, na Phelister akampungia mkono.

Wimbo ukaisha. Ooko akamkaribisha mgeni aendelee.

"Sikuwa na shaka," ikasema sauti nzito yenye mkwaruzo, ikivuta mwisho wa sentensi. "Taa ya ploti ilikuwa inawaka, na hakuwa amefunika uso. Alizunguka hiyo banda pole pole, akimwaga, kama mtu anamwagia maua maji."

Muthoki aliitambua papo hapo. Ilikuwa ni yeye. Ilikuwa Phelister mwenyewe, wa kila Jumapili, akienda hewani bila hata kitambaa cha kujifunika. Kitufe cha kuzima maikrofoni kilikuwa nusu hatua kutoka mkono wake wa kulia, kitufe chekundu ambacho hata mtoto angekijua, na mkono haukwenda huko. Mkono ulikimbilia laptopu. Miaka tisa ya ufundi ilikuwa imemfundisha kutafuta kwanza kosa liko wapi, na miaka mingine ya kukaripiwa ilikuwa imemfundisha kwamba redio haizimwi. Alitazama orodha ya vifaa na namba zao. Akatazama tena. Ndipo akarudiwa na akili, akapiga kitufe chekundu kwa kiganja kizima.

Sekunde kumi na moja. Mashine iliandika yenyewe.

Ooko alikuwa amesikia; uso wake ulikuwa umekuwa kijivu. Lakini Ooko ni mtangazaji, mdomo wake huendelea kufanya kazi hata roho ikiwa imeruka. Akasema mitambo imeleta kisirani, akacheka kicheko kikavu, akaweka wimbo mwingine.

Kwenye orodha, namba ishirini na tano ilikuwa imekaliwa mara mbili. Kimoja kilikuwa kisanduku. Cha pili kilikuwa simu, nayo ilijitambulisha kwa jina ambalo mwenyewe aliipa: Mama Lorraine. Miksa ilikuwa imekitafuta kisanduku ikakutana na simu ya mgeni, ikakata tamaa, na kwa kuwa ilifundishwa isinyamaze kamwe, ikaipitisha sauti ilivyo.

Muthoki alielewa yote kwa mara moja, na kuelewa huko kulimchoma kuliko hofu. Hakuna kijana wa Chairman aliyeingia. Ukuta ulisimama imara. Ni yeye aliyefuta mpaka, ni yeye aliyewaleta wageni ndani kwa muda tu, ni yeye aliyeifundisha miksa usaliti ule na akapongezwa.

Ooko akaja, akafunga mlango nyuma yake.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Mob, ama kidogo?"

"Sekunde kumi na moja."

"Na yeye amejua?"

Wote wawili wakatazama kioo. Phelister alikuwa akinywa maji, akijipepea kwa karatasi. Bila hedifoni, alikuwa amesikia tu sauti yake mwenyewe chumbani, ile ile aliyoizoea.

"Basi wachana nayo," Ooko akanong'ona. "Skiza, Muthoki. Jumamosi saa nne, watu wanafua, wengine bado wamelala. Nani anaskiza? Sekunde kumi na moja ni nini? Ukimwambia, utamuua na presha kabla hao wasee wa Chairman wamguse. Namalizia kipindi, tunamshukuru, anaenda nyumbani. Hiyo kitu ife hapa."

Lazima isemwe kwamba Muthoki alitamani kukubali. Alitamani sana. Maneno ya Ooko yalikuwa matamu kama usingizi, na sehemu moja ya moyo wake ilikuwa tayari inahesabu sababu: redio ndogo, mtaa wenye kelele, sauti zinafanana. Ooko alirudi ndani, akasema muda umekwisha, akamshukuru mgeni wake asiye na jina.

Phelister alitoka studio akiwa mwepesi, mabega yameshuka. Akamshika Muthoki mikono yote miwili. "Nimetua mzigo, msichana wangu. Mungu akubariki na hiyo mashine yako." Nthambi akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia siku nyingine asikae muda mfupi hivyo.

Muthoki alisimama pale akisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi. Orofa moja. Mbili. Akaona mama huyu akiingia ploti yake kwa lango la mbele, akisalimia kila mtu kwa sauti ile, asijue. Kutojua huko ndiko kulikomvunja Muthoki. Akamkimbilia.

Alimkuta orofa ya kwanza, kwenye kona isiyo na dirisha.

"Mama, ngoja. Kuna kitu sijakuambia." Muthoki akashuka ngazi moja zaidi. "Sauti yako ilitoka. Ya kweli. Ni mimi nilikosea."

Phelister akageuka. Kitambaa chake cha kijani kilikuwa kimeteleza kidogo.

"Maneno gani?"

Muthoki akayarudia, yote, moja moja, mpaka maua na maji. Kuyasema yeye mwenyewe kulikuwa kama kumvua mtu nguo hadharani. Alipomaliza, Phelister aliketi kwenye ngazi, taratibu, akatoa simu. Akakosea namba ya binti yake mwenyewe mara mbili.

Ilipopokelewa, haikuhitaji kuwekwa spika. Sauti ya mtoto ilijaza ngazi nzima.

"Mum! Nimekusikia kwa redio!"

Phelister alifumba macho.

"Mama Shire alikuwa ameweka redio huko nje, tulikuwa tunaanika nguo. Watu wakaanza kubishana, wengine wakasema si wewe, ati ni mtu anafanana na wewe. Nikawaambia huyo ni mum wangu, mimi siwezi kosea sauti ya mum wangu!"

"Umewaambia akina nani, mama?" Phelister akamuuliza binti yake.

"Wote! Mama Shire, na watu wa duka, na hata wale vijana wa kwa geti wamekuja kuniuliza. Wameuliza vizuri tu. Nikawaambia ni wewe. Mum, umeongea poa sana."

Muthoki aliegemea ukuta. Sekunde kumi na moja zingeweza kupita kama upepo. Watu walikuwa wanabishana, walikuwa wanatilia shaka, na shaka hiyo ingetosha kumfunika mtu. Mtoto ameiondoa kwa fahari. Nani angemlaumu?

"Umefanya vizuri," Phelister akasema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na Muthoki hajui mpaka leo aliitoa wapi. "Sasa vaa viatu. Usibebe kitu."

"Na maharagwe? Yako kwa moto."

"Zima. Yaache."

Akaifunika simu kwa kiganja, akamwinulia Muthoki macho. "Dada yangu wanamjua. Kanisani wanatujua. Kazini wanajua. Wewe unakaa wapi?"

"Donholm."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Phelister hakuomba. Muthoki aliifikiria nyumba yake, chumba kimoja na sebule, mlango wa mbao wenye komeo moja, jirani wanaosikia hata kijiko kikianguka. Aliogopa, na safari hii hakuwa akiogopa kwa niaba ya mtu. Aliogopa kwa ajili ya ngozi yake mwenyewe, na akaona aibu, na aibu haikupunguza hofu. Akanyoosha mkono apewe simu.

"Lorraine, mimi naitwa Muthoki. Niko na mum. Kuna mlango wa nyuma kwa ploti yenu?"

"Iko. Ya kutupa takataka."

"Tokea huo. Tembea mpaka stejini, upande gari la Donholm, ushuke kwa petroli stesheni, utatukuta hapo. Usikimbie. Na usiongee na mtu yeyote njiani."

"Hata akinisalimia? Hata kama ni mtu mkubwa?" Mtoto alikuwa amelelewa vizuri, na swali lilimshangaza kweli.

"Hata akikusalimia," Muthoki akasema. "Hata akikuita kwa jina lako."